PC ya gemu inazimika pap mechi ikinoga, fundi anasema mazabodi imekufa: nimlipe au niiuze?

SWALI

Kaka habari za kazi, mi ni kijana wa Chumbageni hapa Tanga, naandika nikiwa nshachoka kabisa manake pesa imeenda, gemu sichezi, na nyumbani wameanza kuniangalia kama mtu aliyetapeliwa na labda kweli nimetapeliwa sijui.

Iko hivi. Nilijichanga nikaagiza PC kutoka Kariakoo, zile za mtumba za maofisini Ulaya, Dell OptiPlex 9020 ule mnara mkubwa, prosesa ni i5-4590, RAM 8GB kijiti kimoja, hadidiski ya GB 500. Jamaa aliyeniuzia akanifungia humohumo na GPU (kadi ya picha) ya RX 580 ya GB 8, akasema hapo mzee ushamaliza, GTA V unapiga, eFootball unapiga, Counter-Strike unapiga. Ikaja na basi salama, nikaiwasha ikawaka fresh, siku za kwanza nilikuwa nacheza eFootball tu na nikawa na raha zangu.

Shida ilianza nilipoweka GTA V. Nacheza robo saa hivi, saa nyingine hata dakika tano haziishi, inazimika PAP. Hamna onyo, hamna skrini ya bluu, hamna kustaki, ni kama mtu kachomoa waya ukutani. Saa nyingine inajiwasha yenyewe, saa nyingine inagoma mpaka nichomoe waya nisubiri kidogo ndo inakubali. Cha ajabu nikiangalia muvi au YouTube kutwa nzima haina neno, hata kazi za chuo naandika vizuri tu. Na kuna siku nilisikia harufu kama ya plastiki inayoungua kwa mbali ila nikaangalia sikuona moshi kwaiyo nikapotezea.

Halafu hata ikiwa haijazimika, GTA yenyewe nikiendesha gari kasi inastaki staki, barabara inachelewa kutokea, majengo yanakuja baadae. Monita nimenunua ya 144Hz baada ya kusifiwa sana lakini sioni tofauti yoyote na ya zamani. Na kitu kingine, nikiwa peku kwenye tailizi nikigusa kasha la PC nasikia kama linanitekenya, kama shoti ndogo hivi. Umeme nachukua kwenye ekstensheni ya sebuleni ambayo ina friji pia.

Binamu yangu anasema ni virusi nipige Windows upya. Nikapiga, haijasaidia. Fundi mmoja wa Ngamiani akaifungua, akapuliza vumbi, akaiwasha, akaangalia kidogo akasema mazabodi, ile bodi kuu ya ndani inayounganisha kila kitu, imekufa, ya kuibadilisha ni laki tatu na nusu. Mama yeye anasema hiyo mashine ndo inamaliza LUKU niiuze tu. Kaka nishauri, nimlipe fundi au niiuze nirudi zangu kwenye simu?

Mchezaji aliyechoka, Tanga

JIBU

Mdogo wangu, kabla ya yote chomoa hiyo mashine ukutani. Usiizime tu, chomoa, na usicheze gemu yoyote mpaka umalize kusoma hapa. Umeandika mambo mengi ila kilichonishtua ni kile ulichokipitia haraka haraka, harufu ya plastiki. PC haitakiwi kunuka plastiki, iwe na moshi iwe haina.

Sasa fungua ubavu wa kasha, huo mnara hauna makuu kufunguka, halafu angalia waya unaoingia kwenye GPU. RX 580 nyingi zina tundu la pini nane pembeni la kupokea umeme wa ziada. Fuata huo waya unatokea wapi. Mi nabeti kabisa kwamba utakuta kiadapta kifupi, upande mmoja pini nane, upande wa pili kichwa chembamba bapa kile kinachofanana na cha kuingiza umeme kwenye hadidiski, yani cha SATA. Nabeti hivo kwa sababu pawa saplai, lile boksi la ndani linalogawa umeme, iliyokuja na OptiPlex 9020 ya mnara ni ya wati 290 na haina kabisa waya wa pini nane wa GPU, ilitengenezwa kwa ajili ya mtu wa mahesabu na printa yake, sio kwa ajili ya GTA, na kwa kazi hiyo ya ofisi ni mashine nzuri haina kosa. Aliyekuuzia alitaka GPU iwake dukani ili achukue hela yake, akaunga.

Piga hesabu na mimi. RX 580 ikifanya kazi kwa nguvu inakula kama wati 185. Kwenye ile sloti ya mazabodi inaruhusiwa kuvuta wati 75 tu. Kwaiyo zinabaki wati 110 za kupitia kwenye waya wa pembeni, na waya halisi wa pini nane umetengenezwa kubeba wati 150, hapo hamna tatizo. Lakini kichwa cha SATA kwenye ile laini ya volti 12 kina pini tatu, kila moja ampea moja na nusu, jumla wati 54. Hamsini na nne! Wewe unapitisha 110 humo. Ni sawa na kumbebesha bodaboda mmoja mzigo wa Kirikuu, kwenye tambarare anaweza akasogea, mlimani utamuokota. YouTube ndo tambarare yako, GPU haivuti kitu. eFootball inavuta kiasi. GTA inavuta yote, zile pini zinapata moto, plastiki inalainika, ndo harufu yenyewe hiyo. Ukikichomoa hicho kichwa angalia kama kimebadilika rangi kikawa cha kahawia au kimepinda. Kikiwa hivo kitupe, usimpe mtu, na usikubali mtu akuletee kingine "imara zaidi".

Na hapo bado hatujaongelea pawa saplai yenyewe. GPU 185, i5-4590 ni 84, weka mazabodi, RAM, feni, hadidiski na vitu vya USB kama wati 50 hivi, unafika 320 kwenye kitu kilichoandikwa 290. Pawa saplai nzuri ikizidiwa inajikata yenyewe ili isiungue, na ikishajikata mara nyingi inagoma kuwaka mpaka uchomoe waya usubiri kidogo. Umesema mwenyewe hivo hivo neno kwa neno. Hiyo sio mazabodi iliyokufa, hiyo ni mashine inayojiokoa.

Nikuambie kitu ambacho kingekuokolea hela hata kwa matatizo mengine huko mbeleni, PC inavyokufa inakuambia wapi kwa kuangalia. Ikizimika pap kama umechomoa na inatokea wakati wa kazi nzito, anza na umeme, yani pawa saplai, adapta, soketi. Ikianza kwanza kuwa nzito, feni zinapiga kelele kama jenereta, gemu inashuka kutoka picha 70 kwa sekunde mpaka 30 ndo baadae inazimika, hapo fikiria joto. Skrini ya bluu yenye maandishi mara nyingi ni RAM au draiva. Picha ikijaa vidoti vya rangi rangi na mistari ya ajabu, muulize GPU. Ikistaki sekunde mbili tatu halafu ikaendelea, diski au RAM imejaa. Sio sheria ya kukatia shauri moja kwa moja ila mtu akifuata hivo hapotei sana. Virusi ya binamu yako inaweza kukula prosesa ukaona PC nzito, zipo kabisa zinazochimba sarafu za mtandaoni kwenye mashine ya mtu bila yeye kujua, lakini mi virusi inayonukisha plastiki sijawahi kuiona.

Haya, fundi. Sisemi ni mwizi, wapo wanaokosea kwa nia njema, ila kuna kitu hajafanya, hajapima. Aliwasha, akaangalia, akasema mazabodi. Mazabodi imekufa halafu inaonyesha muvi kutwa nzima? Kuna kipimo unaweza kukifanya mwenyewe nyumbani bila senti. Toa GPU kabisa pamoja na kile kiadapta. Hiyo i5-4590 ina grafiki yake ndani, Intel HD 4600, kwaiyo chomeka monita nyuma kwenye mazabodi yenyewe. Angalizo, OptiPlex 9020 nyuma haina HDMI, ina VGA na DisplayPort mbili, kwaiyo azima waya unaoendana. Ikishawaka daunlodi Cinebench au Prime95, hizi ni programu za kuitesa prosesa, na pembeni fungua HWiNFO uangalie joto, halafu iache iteseke nusu saa. Ikimaliza nusu saa bila kuzimika, karibu hakika mazabodi yako nzima, prosesa nzima, na hiyo laki tatu na nusu ina kazi nyingine. Ikizimika hata bila GPU, hapo tunarudi mezani, na hata hapo pawa saplai itatangulia kushukiwa kabla ya mazabodi.

Kuna wanaokimbilia Event Viewer ya Windows, ile daftari ya matukio ya mashine, wanakuta maandishi mekundu ya Kernel-Power 41 wanafikiri wamepata jibu. Hiyo 41 inamaanisha tu kwamba mashine ilizimika bila kuagana vizuri, sababu haikuambii. Hata ukichomoa waya kwa makusudi inaandika 41. Fundi akikuonyesha hiyo kama ushahidi wa mazabodi, tabasamu tu.

Dawa sasa. Unahitaji pawa saplai ya kweli yenye waya wake wenyewe wa pini nane wa GPU, na kwa RX 580 watengenezaji wengi wanashauri wati 500. Hapa ndo watu wengi wanaliwa mara ya pili kwa sababu sokoni pawa saplai zilizoandikwa 500W kwa maandishi makubwa ya rangi ziko tele na nusu yake hazifiki popote. Usisome yale maandishi makubwa. Geuza ubavuni kuna kijedwali kidogo, tafuta mstari wa +12V, angalia ampea zake, zidisha kwa 12. Ukikuta +12V ina ampea 16, hiyo ni wati 192, hata waandike 500 au 5000 juu yake. Wewe tafuta ambayo kwenye +12V inakupa kuanzia ampea 35 hivi kwenda juu. Ishike mkononi pia, zile za uongo huwa nyepesi nyepesi. Stika ya 80 Plus, ile ya kuonyesha haipotezi umeme mwingi, ni dalili njema ila stika inachapishwa na yeyote, kwaiyo jedwali kwanza. Na mi bora uchukue ya kampuni inayojulikana iliyotumika kidogo na ukaipima, kuliko mpya isiyo na ukoo.

Ila kwa mashine yako kuna kikwazo, bora ukijue kabla hujatoa hela. Mazabodi ya OptiPlex 9020 haitumii kile kichwa kikubwa cha pini 24 ambacho pawa saplai zote za kawaida zinacho, yenyewe inatumia kidogo cha pini nane cha kwao, sio kile cha GPU. Kwaiyo ukinunua pawa saplai ya kawaida unahitaji na waya wa kugeuza, 24 kwenda 8 ya Dell. Huu ni tofauti kabisa na ule wa SATA, huu unapeleka umeme wa mazabodi tu na mazabodi haili sana. Upo, unaagizika. Hakikisha umeandikwa unafaa OptiPlex 9020 manake kuna unaofanana kwa macho ila mpangilio wa nyaya ni mwingine, huo ndo kweli utaua mazabodi na fundi wako ataonekana nabii. Pima na nafasi ndani ya kasha kwa rula kabla hujanunua, hasa urefu.

Kama bajeti haifiki huko kuna njia ya pili, na mi kwa mtu mwenye mashine za ofisi naipenda sana tu. Uza RX 580, tafuta GPU isiyohitaji waya wa ziada kabisa, inayoishi kwa zile wati 75 za sloti, kama GTX 1650 zile zisizo na tundu la umeme au GTX 1050 Ti. Utapoteza nguvu kiasi, ndio, lakini GTA V inakwenda vizuri, pawa saplai ya ofisi inatosha, na mama ataona tofauti kwenye LUKU ingawa sio kubwa kama anavyodhani. Kwa kweli mtu anayeniuliza kabla ya kununua huwa namwelekeza huku moja kwa moja.

Ukiamua kubaki na RX 580 basi ikague. Hizi kadi zilitoka 2017 na kwa miaka mingi zilifanya kazi ya kuchimba sarafu ya mtandaoni ya Ethereum usiku na mchana, halafu Septemba 2022 Ethereum ikaacha kabisa huo mtindo wa kuchimbwa na kadi, wachimbaji wakamwaga mizigo sokoni, na mingi ikafika mpaka kwetu. Kadi iliyochimba sio lazima iwe mbovu ila mara nyingi pesti (ule utomvu wa kupitisha joto kati ya chipu na kipoza joto) imekauka, feni zimechoka, na saa nyingine BIOS yake, ile programu ya ndani ya kadi, ilibadilishwa. Daunlodi GPU-Z, ni kiprogramu kidogo cha bure. Angalia sehemu ya Shaders, RX 580 kamili inaonyesha 2304. Ikionyesha 2048 ujue ni ile toleo dogo, inafanya kazi, ila haikustahili bei ya kamili, na ukiuza sema ukweli. Kabla hata ya kununua pawa saplai mpya, kama una rafiki mwenye PC yenye waya halisi wa pini nane, nenda ukaichomeke kwake mcheze gemu nzito saa nzima. Ikipona kwake, GPU haina kesi.

Joto sasa, manake Tanga naijua, ule unyevu na ile chumvi ya hewani havina urafiki na vyuma. Prosesa yako inaanza kujipunguza kasi ikikaribia nyuzi 100, ukiona inacheza gemu kwenye 90 na kitu basi pesti imekauka, safisha kwa spiriti ile ya isopropili, weka mpya tone moja katikati dogo kama punje ya dengu, usipake kama siagi kwenye mkate. RX 580 ikipita 85 angalia feni zake na vumbi. Ukipuliza vumbi shikilia feni kwa kidole isizunguke, ikizungushwa na blowa inazalisha umeme wake na inaharibu beringi. PC iwashwe mara kwa mara hata kama huchezi, ile inayokaa miezi imezimwa karibu na dirisha la upande wa bahari ndo unakuta miguu ya RAM imeota ukungu wa kijani. Ikigoma kuwaka siku moja, toa RAM, sugua ile miguu ya dhahabu kwa ufutio mweupe laini taratibu, rudisha. Fundi wengi wanakutoza hela nzuri kwa kazi hiyo ya dakika tano. Na feni ya mezani ukiielekeza kwenye kasha lililofunguliwa inasaidia kwa kupima tu, usiishi hivo, inaingiza vumbi la mwaka mzima kwa mwezi.

Ile kustaki ukiendesha gari kasi wala haihusiani na kuzimika, ni ugonjwa mwingine, na wenyewe ni hadidiski. GTA V haipakii mji wote mara moja, inausoma kwenye diski kadri unavyosogea, ukikimbia kuliko diski inavyoweza kusoma ndo barabara inachelewa kutokea kama ulivyosema. Weka SSD ya SATA, ile diski ya kisasa isiyo na kitu kinachozunguka ndani. Usichukue ya 240, GTA peke yake inakula zaidi ya GB 100, chukua ya 480 au 500 ili Windows na gemu zote mbili tatu zikae huko, ile hadidiski ibaki ya muvi. Na kabla ya kuihamisha hiyo hadidiski ipime na CrystalDiskInfo, ikiandika Caution kwa rangi ya njano kazi zako za chuo zihamishe leo, sio wikiendi. RAM nayo, ongeza kijiti cha pili cha 8GB kinachofanana na hicho ulichonacho, ni DDR3 sio DDR4, usije ukauziwa ambayo haiingii. Vijiti viwili vinafanya kazi sambamba na prosesa inapata chakula mara mbili kwa kasi, kwenye gemu utaona zile FPS (picha kwa sekunde) za chini zikipanda hata kama ya juu imebaki palepale. Zile za chini ndo zinaudhi macho.

Monita ya 144Hz, yani inayoweza kuonyesha picha 144 kwa sekunde, haijakudanganya, hujaiambia tu. Windows mara nyingi inaianzisha kwenye 60. Ingia kwenye setingi za onyesho (Display), sehemu ya Advanced display, badilisha kwenda 144. Kama 144 haipo kwenye orodha basi waya ndo tatizo, monita nyingi za bei ya chini tundu lao la HDMI haliendi mpaka huko, tumia DisplayPort na uichomeke kwenye GPU, sio kwenye mazabodi. Ila usitegemee makubwa kwenye GTA manake mashine yako haitatoa picha 144 kwa sekunde humo, Counter-Strike labda kwa setingi za chini. Kama monita ina FreeSync, ile ya kulinganisha kasi ya monita na ya GPU, iwashe kwenye programu ya AMD, hiyo utaiona kwa macho kuliko hiyo 144.

Na kwenye mechi za mtandaoni usichanganye FPS na pingi. FPS ni mashine yako, pingi ni njia ya intaneti. Ukiona adui anaruka ruka lakini picha yako mwenyewe laini, hakuna RAM itakayokusaidia, chagua seva ya karibu, Counter-Strike inazo za Afrika Kusini na Dubai.

Nimeiacha ile ya kutekenywa mpaka huku kwa sababu nataka uisome bila haraka. Hiyo ni ethi (waya wa ardhini) haipo. Ndani ya pawa saplai kuna kichujio kinachotoa umeme kidogo sana kuupeleka kwenye kasha, na kazi ya waya wa ethi ni kuumeza huo ushuke ardhini. Ethi isipokuwepo, kasha linakaa na karibu nusu ya volti 230 za ukutani, ampea zake ndogo mno ndo maana unatekenywa tu na sio kurushwa, lakini siku pawa saplai ikiharibika kweli kwa ndani hicho hicho kilichokutekenya hakitakutekenya tena. Angalia kwanza hiyo ekstensheni, ya pini mbili itupe, na ile plagi ya pini tatu ambayo mtu kaivunja pini ya juu itupe pia. Ekstensheni ikiwa nzima na bado unatekenywa basi mwambie mzee au mama aitwe fundi umeme mwenye leseni apime soketi na ethi ya nyumba nzima, manake hapo sio PC tu, hata friji mama anaigusa kila siku. Mwambie hivo hivo, la friji atalielewa haraka kuliko la gemu. Mpaka hapo vaa ndala.

Na friji itoke kwenye hiyo ekstensheni. Kompresa ikianza inavuta umeme mwingi kwa kishindo, volti inashuka kidogo, na pawa saplai iliyokwisha kuzidiwa inapata sababu ya mwisho ya kujikata. Baadae ukipata UPS, lile boksi la betri la kushikilia umeme ukikatika, usiangalie VA, angalia wati, hizi za 650VA nyingi haziwezi hata wati 400, ziko kwa ajili ya kukupa dakika chache useivu uzime, sio umalizie mechi.

Kuhusu kuiuza, usiiuze ikiwa na kile kiadapta ndani. Utakuwa umemuuzia mwenzio moto. Ukishaitengeneza ndo uamue, na ukiiuza wakati huo utapata bei. Jua tu kwamba Windows 10 iliacha kupata masasisho ya kawaida ya usalama tarehe 14 Oktoba 2025 na i5 ya kizazi cha nne haimo kwenye orodha rasmi ya Windows 11, wao wanaanza kizazi cha nane. Kuna njia za kuiingiza kwa nguvu, zinafanya kazi, ila baadhi ya gemu za mtandaoni kama Valorant zinadai kichipu cha usalama cha TPM 2.0 ambacho mashine yako haina. Kwaiyo hela utakayoweka hapa weka kwenye vitu utakavyohama navyo, SSD, pawa saplai nzuri, monita unayo tayari. Mazabodi mpya ya 9020 kwa laki tatu na nusu huhami nayo kokote.

Anza na kipimo cha nusu saa bila GPU. Ukienda kwa fundi tena mwambie apime laini ya volti 12 kwa mita mashine ikiwa inateseka, inatakiwa isishuke chini ya 11.4 wala isipande juu ya 12.6, na akuonyeshe namba. Akikataa kupima tafuta mwingine, Tanga mafundi wapo. Na ukishapata pawa saplai unayoitaka, kabla hujalipa piga picha kile kijedwali cha ubavuni unitumie, ntakuambia ndani ya siku hiyo hiyo kama ni ya kweli.